Mwanza si mwisho wa reli

Mwangaluka! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Ndugu mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi. Na ninyi vijana mnaojifunza kuongoza wageni, ambao ndio hasa niliowajia, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie stesheni ya treni ya hapa Mwanza. Mgeni akija mjini, umpeleke vipi pale, umwonyeshe nini, umweleze nini. Nilipopewa mada hii nilifurahi sana, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaona wageni wakipelekwa kwenye Jiwe la Bismarck wakapiga picha, wakavushwa Saanane wakaona swala, wakafikishwa Bujora wakaona ngoma za Kisukuma, halafu gari likapita jirani na stesheni bila hata kupunguza mwendo. Tumezoea kuiona stesheni kama mahali pa kukatia tiketi, basi. Mimi naamini mgeni akifikishwa stesheni vizuri, mji huu wote atauelewa: kwa nini uko hapa, kwa nini una watu wa kila kabila, kwa nini samaki wa Ziwa Victoria analiwa Dodoma.

Nianze na msemo mnaoujua wote. "Kigoma, mwisho wa reli." Watu wa Kigoma wanautamka kwa fahari, na wana haki. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Ikaishia hapo. Lakini Mwanza nayo iko kwenye ncha ya tawi lake. Ukitoka Tabora kuja kaskazini, karibu kilomita 380, njia inafika hapa ziwani na hakuna stesheni nyingine mbele. Mbona basi hatujawahi kusikia mtu akisema "Mwanza, mwisho wa reli"?

Swali hili lilinikaa kichwani tangu nikiwa kijana, na jibu lake nilikuja kuliona kwa macho yangu kule bandari ya Mwanza Kusini, siku niliyoshuhudia mabehewa ya mizigo yakisukumwa polepole, moja baada ya jingine, mpaka ndani ya tumbo la meli. Reli zilikuwa ardhini, zikavuka daraja fupi la chuma, zikaendelea ndani ya meli. Meli ikafunga, ikaondoka na mabehewa yake kwenda Uganda. Kule yakashuka kwenye reli nyingine, yakaendelea na safari. Kumbe hapa reli haiishi. Inapanda meli.

Nataka hilo ndilo mgeni wako aondoke nalo. Mengine yote nitakayosema leo yanalizunguka hilo.

Sasa twende kwenye historia, na naomba mniwie radhi mkiona nimekaa hapo, kwa sababu bila historia hii stesheni ni paa na benchi tu.

Kabla reli haijafika Mwanza, ziwa lilikuwa limeshaunganishwa na bahari kwa mlango mwingine. Waingereza walianza kujenga reli yao kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa 1901 ikafika Kisumu. Meli zilianza kuunganishwa palepale Kisumu kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uingereza. Meli ya kwanza, William Mackinnon, iliingia majini mwaka 1900. Kuanzia hapo, mfanyabiashara wa Mwanza mwenye ngozi, karanga au pamba hakuwa na haja ya kuwaza Dar es Salaam. Alipakia melini, mzigo ukavuka kwenda Kisumu, ukapanda treni, ukashukia Mombasa. Na fikirini jambo hili: hapa palikuwa pakitawaliwa na Mjerumani, lakini mali ya hapa ilitoka kwa reli ya Mwingereza. Nauli ilikwenda upande wa pili.

Vita ya kwanza ya dunia ikaja. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba mwaka huohuo. Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza. Sasa bwana akawa mmoja pande zote mbili za ziwa, na mngetegemea hoja ya reli ife. Wapi! Ikawa kali zaidi. Pamba ya Usukuma ilikuwa inaongezeka, na swali likawa: ipite Mombasa au Dar es Salaam? Tanganyika ilihitaji mizigo ya kuilisha Reli ya Kati, na mzigo mzito ulikuwa huku kwetu. Basi tawi likajengwa kutoka Tabora, likapita Shinyanga, na mwaka 1928 treni ikafika Mwanza.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza, "Stesheni hii ilijengwa ili iwapeleke watu wapi?", mjibu kwamba ilijengwa kuigeuza pamba. Marobota yaliyokuwa yakienda kaskazini kwa maji yaligeuzwa yaende kusini kwa nchi kavu. Watu tulipanda baadaye, tukajaza mabehewa, tukaifanya stesheni yetu.

Hesabuni wenyewe: mwaka 2028 reli hii itatimiza miaka 100 hapa Mwanza. Ningependa ifike siku hiyo kila mmoja wenu anaweza kusimulia haya bila kushika karatasi.

Niseme sasa namna ya kumtembeza mgeni. Msianzie mlangoni mwa stesheni. Anzeni kwenye maji. Mkutanishe mgeni wako na ziwa kwanza, pale karibu na kivuko cha Kamanga, asubuhi watu wakishuka na baiskeli, kuku na mafurushi kutoka upande wa Sengerema. Mwambie kwamba ziwa analolitazama lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na kwamba uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ya pili ndiyo itamshangaza. Treni iliyotoka Dar es Salaam, pale bahari inaponukia chumvi, imepanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu mpaka ikutane na maji mengine. Mwache akae na picha hiyo. Halafu tembeeni kwa miguu kuelekea Barabara ya Stesheni. Si mbali, na mgeni anayefika stesheni kwa miguu huku ametokea ziwani anaelewa haraka kwamba vitu hivi viwili, maji na reli, vilitafutana.

Njiani mwonyeshe miamba. Ndiyo, kila mgeni anaitazama miamba ya Mwanza, imebebana kama mtu aliyepanga mawe ya jikoni. Lakini wewe mwonyeshe kwa jicho la mjenzi wa reli. Treni haipendi mlima wala kona kali. Treni inatafuta tambarare, na mji wetu una vilima vya mawe kila upande. Ndiyo maana njia ya reli inakuja imejibanza pembeni mwa vilima, ikifuata ardhi ya chini kuelekea ziwani. Mgeni akishaona hilo, hatauliza tena kwa nini stesheni iko pale ilipo.

Mkifika, salimieni. Naona baadhi yenu mnacheka, lakini hili ni la kweli. Stesheni ni mahali pa kazi. Kuna mlinzi, kuna mama anayeuza chai na maandazi, kuna wapagazi, kuna mkuu wa stesheni. Ingia kwa salamu, jieleze, sema una mgeni na ungependa aone. Mara nyingi utafunguliwa mlango wa moyo wa mtu, na mfanyakazi mwenyewe ataanza kusimulia mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui.

Kuhusu picha, sikilizeni vizuri, kwa sababu nilijifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wageni wawili, baba na binti yake. Ilikuwa kwenye stesheni moja ya kanda hii. Binti akatoa kamera, akapiga picha ya reli na mabehewa kabla sijaomba ruhusa kwa mtu yeyote. Tukachukuliwa, tukakalishwa ofisini zaidi ya saa mbili, wageni wangu wakiwa wametota jasho la hofu, na mimi nikitafuta maneno ya kueleza. Kosa lilikuwa langu. Reli, bandari, madaraja, hivi ni vitu vinavyolindwa, na ruhusa huombwa kabla kamera haijatoka mfukoni. Yule binti hakurudi tena kwenye furaha yake siku ile. Alikuwa amekuja na mapenzi, akaondoka na woga, na bado naumia nikikumbuka. Ombeni kwanza. Mkikataliwa, shukuruni, mwonyesheni mgeni kwa macho.

Sasa niwaambie kitu cha kumwonyesha ambacho hakimo kwenye vijitabu.

Baba yangu alikuwa mtu wa gengi. Wale wasiojua, gengi ni kikosi cha watu wanaoitunza njia. Tulikaa kota za reli, vijumba vya mstari mmoja, upande wa Bukwimba. Kila alfajiri baba alitoka na nyundo begani yenye mpini mrefu, akatembea juu ya njia peke yake. Reli hazikai zenyewe. Zinalazwa juu ya mataruma, yale mapande yanayolala yamekingama chini yake, na kwenye kila taruma kuna vibano vya chuma vinavyoishika reli isicheze. Treni ikipita na uzito wake, vibano hutikisika na vingine hulegea. Kazi ya baba ilikuwa kuvipata vilivyolegea na kuvirudisha.

Nikiwa na miaka tisa au kumi, wakati wa likizo, nilimfuata nyuma. Hakuvikagua kwa macho. Alivipiga kidogo kwa nyundo, akasikiliza. Kibano kilichokaza kililia ting! kikali, sauti ikakimbia mbele kwenye chuma. Kilicholegea kilijibu kwa sauti butu, kama mtu anayegonga mtungi wenye ufa. Baba akisikia hiyo sauti ya pili alisimama, akapanua miguu, akapiga mara mbili au tatu kwa nguvu zote, kisha akagonga tena kidogo, kusikiliza. Ting. Tukaendelea. Alifanya hivyo kwa kilomita nyingi kila siku, mvua na jua, na abiria waliolala usiku ndani ya behewa hawakumjua hata mmoja.

Kwa hiyo mkiwa stesheni, na mmepewa ruhusa ya kusogea jukwaani, mwonyeshe mgeni njia yenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Mwonyeshe kokoto, taruma, kibano, reli. Mwonyeshe pale reli mbili zinapokutana na nafasi ndogo imeachwa kati yake, zimeungwa kwa vibao vya chuma na bolti. Ile nafasi si uzembe. Chuma hutanuka jua likiwaka, na bila nafasi ile reli ingepinda. Na gurudumu likipita hapo ndipo inapotoka ile sauti ya treni tunayoiiga tangu utotoni, katata-katata, katata-katata. Mtoto wa Mwanza anaiiga sauti hiyo akiwa hajui kwamba anaiga joto la jua.

Mwonyeshe pia upana. Kutoka ukingo wa ndani wa reli hii hadi ule wa reli ya pili ni mita 1 kamili. Mjerumani aliichagua mita 1 kwa Reli ya Kati, na Mwingereza naye alikuwa ameichagua mita 1 kwa reli ya Mombasa hadi Kisumu. Walikuwa mahasimu, lakini vipimo vikalingana. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu ndipo siri ya ile meli ilipo.

Watu sasa. Stesheni bila watu ni ghala. Siku ya treni, mgeni wako atajifunza zaidi akikaa kwenye benchi saa moja kuliko akisikiliza hotuba yangu hii. Ataona mifuko ya dagaa iliyoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Ataona sato waliokaushwa, ndoo za plastiki zenye vifuniko vilivyofungwa kwa kitambaa, godoro lililokunjwa, mama mwenye watoto watatu na chakula cha siku mbili kwenye hotpoti. Zamani zaidi yalikuwa marobota ya pamba na wanafunzi. Watoto wengi wa Kanda ya Ziwa waliochaguliwa kwenda shule ya Tabora walipita hapa, wengine wakiwa wameshuka kwenye meli kutoka Bukoba au Musoma asubuhi hiyohiyo. Wakapanda treni wakiwa na sanduku la bati na barua ya shule, wakarudi wakiwa watu wengine.

Na pamba iliyopita hapa ilileta siasa. Wakulima wa Usukuma walianza kwa kulalamikia mizani, kwamba wanapunjwa wakati wa kupima. Wakaanza kusimamia mizani wenyewe, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kwa hiyo mgeni akiona tu behewa la mizigo limesimama kimya, mwambie kwamba mizani na mabehewa ya namna ile ndiyo yaliyowafundisha wakulima wa huku kujitawala kabla ya bendera.

Sasa kuna mgeni atakayesema: nataka kupanda. Vizuri. Mpe ukweli wote. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa reli ni kama kilomita 1,220, na kwa njia hii ya zamani ni safari ya karibu siku mbili. Ratiba hubadilika, kwa hiyo mtu aende mwenyewe dirishani, aulize treni inaondoka siku gani, asitegemee alichoambiwa hotelini. Wakati wa masika aulize pia hali ya njia kule mbele, hasa kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mafuriko yamewahi kulibeba tuta la reli zaidi ya mara moja na safari zikasimama.

Kuna mabehewa ya kulala na ya kukaa. Kwenye chumba cha watu sita wanaume hukaa kwao na wanawake kwao, isipokuwa familia au kundi likikata chumba kizima. Mwambie achukue shuka, maji ya kutosha, tochi, na kufuli ndogo. Usiku afunge dirisha treni ikisimama stesheni. Haya ni mambo ya kawaida ya msafiri, nayapita haraka.

Nisilolipita haraka ni njia yenyewe. Mgeni akitoka Mwanza atapita Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka, Seke, mpaka Shinyanga, kisha Isaka, Bukene, na Tabora. Mfundishe majina hayo kabla hajapanda, ayajue kwa mpangilio, ili kila treni ikisimama ajue yuko wapi. Stesheni ndogo ndizo zenye moyo wa reli hii. Treni haijasimama vizuri, akina mama wameshafika chini ya dirisha na masinia kichwani. Bukwimba nilikokulia walileta karanga za kuchemsha, michembe na matobolwa. Mgeni hatajua tofauti, umweleze: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, na hayo unaweza kuyatafuna hivyohivyo na chai. Malampaka atauziwa mchele. Tabora, asali. Akiendelea na safari mpaka Saranda, kuku wa kienyeji, na usiku huo behewa zima litanukia kuku. Mama yangu mwenyewe alilipa ada yangu ya shule kwa karanga za dirishani. Kengele ya shule hiyo, niseme, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Tuliamshwa na chuma kilekile, tukasomeshwa na chuma kilekile.

Pale Isaka mwonyeshe makontena. Ni bandari ya nchi kavu. Mizigo ya Rwanda na Burundi hushuka kwenye treni hapo ikapanda malori. Na Tabora mwambie asishtuke: mabehewa yaliyotoka Mwanza huunganishwa na yaliyotoka Kigoma, kazi inayochukua muda, na ni wakati mzuri wa kushuka kunyoosha miguu, mradi asiende mbali.

Nirudi kwenye maji, kama nilivyoahidi.

Baada ya stesheni, mpelekeni mgeni wenu upande wa Mwanza Kusini. Ndani ya bandari huingii bila kibali, na kibali kiombwe mapema. Kisipopatikana, pandeni mahali palipoinuka upande wa Capri Point, muutazame mji na ghuba zake kutoka juu. Hapo ndipo mtamweleza habari ya Umoja na Uhuru.

Katikati ya miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa na shirika moja la reli na bandari, zilijengwa meli mbili pacha za kubeba mabehewa. Moja ikaitwa Umoja, ya pili Uhuru. Zina reli ndani yake. Na hapa ndipo ile mita 1 inapofanya kazi: kwa kuwa reli ya Mwanza, ya Kisumu na ya Uganda zina upana uleule, behewa lililopakiwa Dar es Salaam lingeweza kuvuka ziwa na kuendelea Kampala bila mtu kugusa gunia hata moja. Hakuna kushusha, hakuna kupakia upya, hakuna magunia kupasuka wala mtu kuibiwa. Lakini kazi hiyo inataka utulivu. Huwezi kusukuma mabehewa yote upande mmoja, meli italala. Lazima uzito ugawanywe kushoto na kulia, polepole. Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Kwa hiyo lile daraja fupi la chuma kati ya nchi kavu na meli lazima liweze kuinuka na kuteremka ili reli ya ardhini na ya melini zikutane sawasawa. Nilipoliona likifanya hivyo, chuma kikikaribiana na chuma mpaka pengo likawa jembamba kama kidole, nilishika pumzi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mali zikagawanywa. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Mwelezeni mgeni majina hayo kwa Kiswahili, mumtafsirie, kisha mnyamaze kidogo. Ataelewa mwenyewe.

Mkizungumzia meli, mtaulizwa kuhusu MV Bukoba. Ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu walikufa. Wengi wamezikwa Igoma. Naomba jambo moja: msiifanye hadithi ya kusisimua. Semeni tarehe, semeni kwamba mji wote ulilia, na mgeni akitaka kwenda Igoma, mpeleke kama unavyompeleka mtu msibani, kwa nguo ya heshima na sauti ya chini. Wapo humu ukumbini waliopoteza wazazi siku ile.

Mambo mapya nayo mgeni atayauliza. Reli ya kisasa ya kutoka huku hadi Isaka, kilomita 341, jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 14, 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan. Ile ya Dar es Salaam ilianza kubeba abiria mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro na kisha Dodoma, inakwenda kwa umeme, kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Mimi nimeipanda, na nilitokwa na machozi, kwa sababu nilimfikiria baba. Reli zake zimechomelewa zikawa ndefu, ile katata-katata haipo. Ziwani nako kuna MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, zaidi ya mita 92 kwa urefu, abiria 1,200. Haya ni ya kujivunia, msiyaseme kwa kunung'unika.

Ila mjue tofauti moja. Upana wa reli ya kisasa ni milimita 1,435. Ule wa zamani, na wa ile meli yenye jina zuri, ni 1,000. Behewa la njia mpya haliingii kwenye Umoja. Kwa hiyo stesheni yetu ya zamani, pamoja na njia yake nyembamba, bado ndiyo inayojua kupanda meli, na ndiyo maana naomba isitazamwe kama kitu kinachosubiri kustaafu. Wakija watu wakubwa kuzungumza kuhusu jengo lile na njia ile, nataka wawakute ninyi pale, na wageni wenu, mkiwa mnajua kila taruma.

Nimeongea vya kutosha. Kesho Jumamosi tutafanya kwa vitendo. Tukutane kwenye kivuko cha Kamanga saa moja kamili asubuhi, kabla jua halijakali. Nimeshaomba ruhusa stesheni na tumekubaliwa kuingia jukwaani, watu kumi kumi. Vaeni viatu vya kufunga kwa sababu ya kokoto. Simu zikae mfukoni mpaka niseme. Na nitakuja na ile nyundo ya baba, mpini nimeubadilisha mwenyewe, ili kila mmoja wenu aishike na kuusikia uzito wake. Wabeja sana.